Shujaa Niliyemfuta kwa Pamba

Harufu ya dawa ya kutoa rangi ya kucha bado hunirudisha mtaa wa Darsait, Maskati, kwenye chumba cha ghorofa ya pili nilicholala na dada yangu, kiyoyozi cha dirishani kikinguruma na pazia likinukia udi. Nilikuwa na miaka minane, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na ilikuwa Alhamisi alasiri. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Mjomba Nassor angekuja kula pilau kwetu, naye angeniuliza swali lililokuwa limenikaa tumboni wiki nzima kama kokwa niliyoimeza.

Mjomba alizaliwa Tabora, akaja Maskati akiwa kijana mwenye begi moja. Nusu ya begi ilikuwa nguo. Nusu ilikuwa vitabu vya katuni alivyonunua Dar es Salaam alipokuwa mwanafunzi. Bibi, mama yake, hakuwahi kulisahau hilo. "Wenziwe walichukua picha za wazee wao," alikuwa akisema, "yeye kachukua mijitu inayoruka." Kila Ijumaa Mjomba aliniazima kitabu kimoja, kwa masharti: mikono ioshwe kwa sabuni, kurasa zifunuliwe kwa ncha ya juu, na kirudi Ijumaa inayofuata. Mashujaa wote wa vitabu vile walikuwa Wazungu, nami sikuwahi kuliona hilo, kama mtu asivyoiona hewa. Kisha akaniletea kimoja kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. "Humu ndimo shujaa huyu alimotokea mara ya kwanza," akaniambia. "Mtazame vizuri. Ijumaa utanambia umeona nini."

Nikamtazama. Juu ya jalada alisimama mwanamume kifua wazi, mikono wazi, ameinua mlango wa chuma uliopinda. Ngozi yake ilikuwa ya kahawia iliyokolea, na begani rangi ilikuwa imevuka mstari kidogo. Shujaa wa namna ile sikuwahi kumwona. Wino wa namna ile nilikuwa nimeuona mara nyingi. Siku zile majarida ya ng'ambo yalifika madukani Ruwi wanawake wake wameshapakwa wino wa kalamu nene na wakaguzi wa serikali, kwenye mikono, miguu na vifua vilivyokuwa wazi. Dada yangu alikuwa fundi wa kuuondoa wino ule: tone la dawa ya kucha, pamba, mkono mwepesi. Basi nikajua jibu alilolitaka Mjomba. Shujaa wake alikuwa amepakwa, na mimi ndiye niliyetakiwa kuligundua. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na zangu zilifanya kazi wiki nzima. Mbona kapakwa mpaka uso? Huenda mpakaji alipitiliza. Mbona kurasa za ndani pia? Huenda alikuwa mtu mwenye bidii. Kila shaka niliitafutia jibu, na halikunijia hata mara moja wazo la kuutazama mkono wangu mwenyewe ulioshika pamba.

Nikaanza na shavu. Rangi ikatoka, moyo ukanidunda kwa furaha. Nikasugua bega, kisha kifua, nikimngoja mtu wa chini yake atokee. Hakutokea. Palitokea karatasi, nyeupe, yenye nyuzinyuzi, na jicho moja likaondoka pamoja na pamba. Nikachukua penseli yangu ya rangi ya kahawia ya shule nijaribu kumrudisha, karatasi iliyolowa ikachanika. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikakirudisha kitabu kwenye mfuko wake, nikakaa kitandani nikiyapanga maneno ya kujitetea, na kila niliyoyapanga niliyaona ya uongo.

Ijumaa Mjomba alikula bila haraka, akanawa, akaketi tena kwenye zulia. "Haya, nambie umeona nini."

Nikampa mfuko. Alikitoa kitabu, akakitazama kwa muda mrefu hata Bibi akaacha kumenya chungwa.

"Nilikuwa namsafisha, Mjomba," nikasema. "Wino waliompaka."

"Nani kampaka?"

"Wale wa majarida."

Bibi akaangua kicheko, kisha kikamfia mdomoni alipouona uso wa mwanawe. Mjomba akakunja mkono wa kanzu yake hadi kwenye kiwiko, akaunyoosha mbele yangu. Ulikuwa na rangi ileile. "Hebu kalete hiyo dawa," akasema polepole, "unifute na mimi."

Sikujua kama anatania. Nilisimama pale nikiwaza kama niende au nisiende, mpaka machozi yakaamua.

"Muache mtoto, Nassor," Bibi akasema. "Na wewe una lako. Kitu hujamwambia, ataonaje?"

"Nilitaka amuone mwenyewe kwanza, Mama. Mie nilipomuona, siku ile sikula."

Alikichukua kitabu. Ijumaa iliyofuata aliniletea kingine kama kawaida, cha mmoja wa wale wanaoruka, na hakuniuliza nimeona nini. Hilo lilinichoma zaidi ya adhabu yoyote.

Mwaka huu nimemaliza chuo kikuu kule Al Khoudh, na kazi yangu ni kuandika barua za kuomba kazi, kisha kuzisoma mara kumi nikitafuta neno litakaloniponza. Siku hizi hata mpwa wangu ana begi la shule lenye shujaa mweusi, wala hashangai. Mwezi uliopita nilikwenda studio moja ya Ruwi kupigwa picha za maombi ya kazi. Fundi alinikabidhi bahasha huku akitabasamu. Alikuwa ameniondolea chunusi kwenye kompyuta, na pamoja nazo rangi yangu, bila kuombwa na bila malipo ya ziada. Msichana wa kwenye picha alikuwa amepauka kama karatasi. Nilifika hadi mlangoni nikijiambia kwamba si neno, kwamba pengine wanaoajiri wataipenda zaidi, kwamba mtu alikuwa ameniona mchafu kwa nia njema. Nia hiyo naijua. Niliwahi kuwa nayo, na pamba mkononi. Nikarudi kwenye kaunta, nikaweka mkono wangu wazi kando ya picha, nikamwambia aipige upya. Nakala moja ya hiyo mpya nimempelekea Mjomba, ndani ya mfuko wa plastiki.