Mmoja Anaruka, Mwingine Anangoja

Nilicheza mpira wa kulipwa kabla sijavaa kiatu cha mpira. Nilikuwa kibarua wa reli karibu na Kiboko, kazi yangu kupasua mawe. Lakini msimamizi alipoona shuti langu la mguu wa kushoto, nyundo nikawa naishika asubuhi tu, mchana ni mazoezi na timu ya reli. Miaka ile ya thelathini nilitamba njia nzima ya reli. Makipa wakiniona nakuja walirudi nyuma. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Halafu goti likavunjika, nikarudishiwa nyundo, safari hii ya kutwa nzima.

Ndipo shule ya misheni kule Nunguni ikaniita niwafundishe vijana wao. Nilipanda milima ile nikichechemea, lakini moyo mweupe kabisa.

Vijana walikuwa wepesi, ila wafupi. Nikakumbuka kitu ambacho kila Mkamba anakijua: ngoma yetu ya kuruka. Nikaanza kuwafundisha kupiga vichwa kwa hatua za ngoma ile, tukijipigia makofi tu, maana misheni haikutaka hata kusikia ngoma ikitajwa. Mzee wa kanisa aliyesimamia shule akaja kutazama, akanuna.

"Mwalimu, huu si mpira. Hii ni ngoma ya shetani, umeivalisha kaptura."

"Mzee, ngoja kwanza uone mechi."

Mechi ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kwenye ngoma yetu mtu haingilii zamu ya mwenzake: mmoja anaruka, wengine wanasimama wakimpigia makofi, akishatua ndipo anaingia mwingine. Basi kona ikapigwa, kijana wangu mmoja akapaa, na wenzake wote wakasimama wakipiga makofi! Tulifungwa mpaka watoto wa kwetu wenyewe wakatuzomea. Mzee akaniambia wazi kwamba timu ya Kitui ikitufunga mechi ijayo, nifunge virago. Kwangu hiyo ilikuwa na maana moja tu, kurudi kwenye mawe, na goti lile lisingeyaweza.

Nilifoka mpaka nikachoka kufoka. Kisha nikaona jambo. Timu nyingine huurukia mpira mmoja wote kwa pamoja, na huku chini habaki mtu. Wangu wanabaki. Nikawaambia, "Zamu ishikeni vilevile, ila makofi acheni. Anayengoja asimame pale mpira utaangukia."

Kitui walitupokea kwenye uwanja ulio karibu na boma la serikali. Walikuwa majitu, nao walicheka walipotuona tukishuka kwenye lori. Mpira wa juu wa kwanza ulipokuja wakaruka wote. Wangu aliruka mmoja, akausumbua kidogo tu, ukaanguka miguuni mwa yule aliyekuwa akingoja. Bao. La pili likaja vivyo hivyo, na la tatu.

"Aiya! Huyu naye ametoka wapi?" beki wao alilalamika, na mimi kando ya uwanja nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Mechi ilipokwisha nilitokwa na machozi mbele ya umati wote, wala sikuona haya. Mzee wa kanisa akaja polepole, akawatazama vijana kwa muda, akanishika mkono.

"Kesho ni ibada," alisema. "Kesho kutwa, Mwalimu, nitakuletea wale wadogo. Uwafundishe kuruka."