Kiwanja cha Kasongo na Mwenye Jina

Mimi ni mtu wa Kasongo na sioni haya kuusifu mji wangu. Kwa hiyo siku mama mkwe aliposhuka kwenye pikipiki, vumbi la njia ya Kabambare limemjaa hadi kwenye kope, nilijua pa kumpeleka. Alikuja kumchukua binti yangu, mwenye jina lake. Kwao, mtoto anayebeba jina la bibi yake hulelewa na bibi huyo. Mume wangu aliinamisha kichwa tu. Mimi nilikataa moyoni, mdomoni nikasema karibu.

Jioni niliwatoa bibi na mjukuu hadi kiwanja cha katikati ya mji, mama mkwe aone mtoto anakulia wapi. Nikajigamba. Wafanyabiashara wa pwani walijenga kule Tongoni, karibu na hapa, ndiyo maana Kiswahili chetu hakuna wa kukicheka. Wabelgiji wakaja na vita vyao, wakapanga mawe haya na kusimamisha sanamu ya mtu wao juu yake. Baada ya uhuru sanamu ikang'olewa. Mawe yakabaki, na wauza karanga wakayageuza meza.

"Unanitembeza njia yote hii juu ya meza ya karanga tu?" aliuliza mama mkwe.

Nilikasirika, nusura nimjibu. Hapo filimbi ya polisi ikalia: bendera ya serikali inashushwa. Pikipiki zikazimwa. Muuza karanga akaganda na kopo mkononi. Mama mkwe peke yake akaendelea kutembea huku akinung'unika, maana kijijini kwake, upande wa Lusangi, hakuna mlingoti. Polisi akamkodolea macho. Binti yangu akamkimbilia bibi yake, akamvuta kikwembe alichojifunga kiunoni.

"Koko, simama! Bendera inashuka."

Akasimama. Wakashikana mikono mpaka filimbi ya pili, mimi nikiwa na hofu kwamba mama mkwe hatauachia tena mkono ule.

Asubuhi dereva wa pikipiki alikuja kumrudisha mama mkwe kijijini.

"Mutoto abakie," mama mkwe aliniambia. "Siku nikirudia, nani atanionyesha fasi ya kusimama bendera ikishuka?"

Nilikuwa nimeshinda, na furaha ilinijaa. Kisha pikipiki ikaondoka, nikaona alivyokaa: amejibana kwa dereva, na nyuma yake ameacha nafasi ya mtoto.