Uso Chini ya Mafaili

Mke wangu alipofariki tulibaki wawili katika nyumba yetu ya Makongeni, mimi na binti yetu, aliyekuwa akimalizia ripoti yake ya mwisho ya chuo. Asubuhi moja alikwenda sokoni akaiacha kompyuta yake wazi mezani. Nikaweka picha ya mama yake ijae skrini nzima, jinsi nilivyomwona binti akiweka picha za maua.

Uso ulitokea, lakini umefunikwa. Vijipicha vya mafaili vilikuwa vimepangwa kwenye paji la uso, machoni, hadi mdomoni. Nikavifuta kimoja kimoja. Nilidhani ni vibandiko tu, kwamba kazi yenyewe imewekwa mahali pengine ndani. Kisha nikamwaga pipa la takataka la kompyuta, kwa mazoea. Nilikuwa karani wa stoo kiwandani, na sakafu yangu ilikuwa tupu kila jioni. Lakini kule stoo sikutupa hata kasha bovu bila sahihi ya mwenyewe. Nyumbani sikumwuliza mtu.

Uso ukawa safi. Nikanogewa. Nikahamisha picha zake nyingine kutoka kwenye simu yangu, nikizijaribu moja baada ya nyingine, kisha nikairudisha ile ya maua ili nije kumshangaza jioni.

Saa nne akarudi. "Baba, ripoti yangu iko wapi?"

Ilitakiwa chuoni kabla ya saa kumi na moja jioni. Sura sita, kila sura na faili lake.

"Stima ilipotea kidogo," nikasema. Betri ya mashine ile ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo aliamini.

Alitafuta hadi saa saba. "Kwani sikuhifadhi? Nilihifadhi, Baba. Nilihifadhi!" Mimi nilikuwa namenya viazi. Nilimenya hadi vikazidi sufuria.

Tukaenda Ruiru kwa mama mmoja fundi wa kompyuta. Aliichungulia mashine, akavua miwani.

"Stima haimwagi pipa. Hapa kuna mtu alimwaga. Na baada ya kumwaga, kuna kitu kiliingizwa? Niambieni ukweli, maana kila kinachoingia hukalia nafasi ya kilichofutwa."

"Hakuna," binti yangu akasema. "Hii mashine haiguswi na mtu mwingine."

Fundi alinitazama mimi.

"Ni mimi, maitu," nikasema. Humwita binti yangu maitu, yaani mama, kwa sababu amerithi jina la mama yangu, na siku hiyo nilisimama mbele yake kama mtoto kweli. "Nilifuta. Nikamwaga. Nikaingiza picha za mama yako."

"Ngapi?" fundi akauliza.

"Ishirini na kitu."

"Haiya! Mzee, ulikuwa unapamba harusi?"

Hakuna aliyecheka. Binti yangu alisema polepole, "Ungeniambia saa nne, saa tano ningekuwa hapa. Ulikaa ukiniangalia tu, Baba."

Tukakaa kwenye benchi, kati yetu nafasi ya mtu mmoja, tukitazama mstari wa kijani ukitambaa kwenye skrini huku fundi akijaribu kuyarudisha mafaili. Sura nne zilirudi. Mbili zilifunguka zimejaa alama zisizosomeka. Saa kumi na moja ikatupita tukiwa pale pale. Aliziandika upya, akahitimu mwaka uliofuata, nyuma ya wenzake.

Wiki ile ile aliniita mezani. "Ungeniuliza. Skrini ya kuingilia, kabla kompyuta haijafunguka, haina mafaili. Pale uso haufunikwi na kitu." Akaiweka picha ya mama yake hapo, yeye mwenyewe.

Asipokuwepo huiwasha kompyuta nikamtazama mke wangu, uso wote. Chini ya kidevu chake kuna kisanduku cha neno la siri. Sijapewa, na sijaliomba. Nikishamtazama, huizima.