Urembo wa Zephyr ya Mjomba Kassim na nyota za akina mama

Wakuu, assalam aleikum, na wasioitikia hiyo, hamjambo.

Nimesoma uzi wa yule ndugu anayejisifu kwamba amejitengenezea urembo wa gari lake kuukuu nyumbani. Nimecheka hadi chai ikanipalia. Nami ninayo yangu. Yalitokea Kilifi miaka ya themanini, na nikitia chumvi, waliokuwepo wataniumbua humu humu.

Mjomba wangu Kassim, kaka yake Mama, alikuwa na Ford Zephyr ya enzi za mkoloni. Injini nzima, rangi ya maziwa. Ila ile mikanda ya kromu ya ubavuni ilikuwa imeliwa na hewa ya bahari, imebaki kutu.

Sasa dada yangu Mwanaidi akaposwa na watu wa Malindi. Watu wa kujiona, hao. Shangazi za bwana harusi walipokuja kwetu walikaa ukingoni mwa viti, utadhani viti vina kunguni. Mama aliona. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu: harusi ipite bila wale kupata la kusema.

Wakasema wataleta Peugeot mpya ya kumchukulia bibi harusi. Mjomba akawaka.

"Mtoto wa dada yangu hatoki kwetu kwa gari la watu! Atatoka na Zephyr, na mtaijua."

Basi akahamia bandani. Mimi nilikuwa likizo kutoka kazini kwangu, hoteli moja ya Bofa, kwa hivyo nilimwona akitengeneza mikanda mipya. Alichonga mfereji kwenye ubao mgumu, akalaza kipande cha bati la alumini juu yake, akawa anakigonga polepole kwa nyundo ya mti mpaka kikashika umbo. Kingo akazikunja kwa koleo. Kisha msasa, kisha majivu na ndimu, anasugua mpaka unaona meno yako.

Haki yake nimpe, mkono alikuwa nao. Kichwa ndicho kilichokuwa likizo.

Vipande vilikuwa vifupi vifupi, ikabidi aviunge. Nikamuuliza mbona viungo vingi.

"Ndiyo design. Italia wanafanya hivi."

Na bati umelitoa wapi, Mjomba?

"Italia."

Malindi ilijaa Wataliano siku hizo, na kila asichoweza kukieleza Mjomba kilitoka Italia. Hata vile vijishimo vya msumari kwenye bati, alivyoviziba kwa nta ya mshumaa na kupaka rangi ya fedha juu, alisema ni muhuri wa kiwanda.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya ndugu wa bara. Kwetu akina mama wa mtaa wana vyombo vyao vya pamoja: masufuria, na sinia kubwa za alumini za kupakulia pilau. Mwanachama mwenye shughuli, iwe harusi au matanga, huvichukua, na hanyimwi. Kila chombo hugongwa alama kwa msumari kisipotee. Alama ya kikundi chetu ilikuwa nyota. Kiongozi alikuwa Bi Zuhura, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, na mtunzaji wa sinia alikuwa Mama.

Nyumba yetu ilipoanza kujaa wageni wa harusi, Mama alimwomba kaka yake amhifadhie zile sinia.

Bandani.

Mmeshafika, naona.

Siku ya harusi Zephyr iliegeshwa mbele ya nyumba, inameta, ile Peugeot ya Malindi ikiwa nyuma yake. Wale shangazi wa Malindi walilizunguka gari bila kupenda. Mama akatabasamu, na mimi nikafurahi kwa ajili yake, wallahi.

Nikaha ikaisha, wapishi wakaita sinia. Mjomba akaruka. "Nakwenda mimi!" Akarudi mbio, mikono kichwani.

"Wezi! Wezi wametuvunjia banda!"

Bi Zuhura hata hakunyanyuka. "Hakuna taabu, Kassim. Maalim yupo hapa. Tumwombe atusomee halbadiri sasa hivi. Aliyezichukua atavimba tumbo kabla pilau haijapoa."

Kwa wasiojua, halbadiri ni kisomo cha kumshtakia mwizi kwa Mungu. Pwani mtu huiogopa kuliko polisi.

Mjomba akatota jasho. "Ah, Bi Zuhura, siku ya furaha hii. Tuwasamehe. Pengine walikuwa na njaa."

Tuwasamehe! Mtu aliyekuwa hasemi na jirani kwa sababu ya kuku!

Bi Zuhura akamkazia macho, kisha akageuka kulitazama gari. Jua la mchana lilikuwa limefanya kazi yake. Nta inachuruzika mlangoni, na rangi ya fedha nayo imebanduka. Akausogelea ule mkanda, akapitisha kidole. Nyota. Mbele kidogo, nyota nyingine.

"Jamani, karibuni mle," akasema. "Pilau ya leo itapakuliwa mlangoni mwa gari."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na waliocheka zaidi ni wale shangazi wa Malindi. Chakula kililiwa kwenye mabeseni na nyungo zilizotandikwa majani ya mgomba. Mama aliingia ndani akalia. Siku ile nilimchukia Mjomba, sifichi.

Bi Zuhura hakudai fidia. Alihukumu tu: "Sinia ni za kikundi, na mwanachama hanyimwi. Zikihitajika, zitakuja na gari zilimopachikwa, na dereva wake."

Mjomba akacheka. Akacheka peke yake.

Wiki iliyofuata Zephyr ilipeleka masufuria, kuni na mbuzi kwenye matanga huko Tezo. Gari ambalo sisi tulilipanda baada ya kukung'uta miguu, mbuzi alilikojolea kiti. Ikawa ndiyo desturi. Mjomba kwenye usukani, kofia kichwani.

Mwanaidi alipojifungua tulikwenda Malindi kwa arobaini ya mtoto, Mama akiwa kiti cha mbele, wenzake wa kikundi nyuma na masufuria. Shangazi mmoja akatupokea mlangoni, sauti juu majirani wasikie:

"Ala! Kumbe zile sinia zenu bado zinatembea?"

Mama akashuka taratibu, akatengeneza buibui. Mwanaidi alikuwa ameshamnong'oneza jambo la ile Peugeot mpya: ilikuwa ya kuazima kwa tajiri fulani, na ilirudi kwake jioni ile ile ya harusi.

"Zinatembea, shoga yangu," akasema. "Na mwenye ile Peugeot yenu, hajambo?"

Nyuma, kati ya masufuria, Bi Zuhura akapiga kigelegele.

Somo langu, wakuu: gari lako lipambe upendavyo, ila kwanza ligeuze bati uangalie mgongoni. Haya, leteni na nyinyi za wajomba zenu. Najua wamo.