Nilivyovaa Wigi Kwenda Kuwachungua Wakwe

Mwaka huu, Alhamisi moja mchana, nilijifungia kwenye choo cha mgahawa mjini Columbus, wigi mkononi, nikinong'ona kwenye simu kama mwizi.

Sikuwa nimeiba kitu. Nilikuwa nimeshiba kupita kiasi, na nimekwama.

Nje ya mlango ule alikuwapo mwanamke ambaye neno lake moja lingeamua kama mwanangu ataoa au hataoa. Na mwanamke huyo alikuwa ananingoja nirudi mezani nimalize sahani.

Acheni nianze mwanzo. Mkicheka, chekeni kwa sauti. Mimi mwenyewe nimeshacheka.

Jina langu ni Esperance, lakini hilo wanalijua watu wa benki tu. Kila mtu mwingine ananiita Mama Aganze, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Kwetu ni Bukavu, nyumbani kwangu sasa ni Shively, upande wa Louisville. Ni msimamizi wa zamu kwenye ghala. Nina diploma ya usimamizi, niliisomea hapa hapa watoto wakiwa wamelala. Sisemi hivyo kwa majivuno. Nasema ili mjue kwamba elimu haikunisaidia kitu siku hiyo.

Aganze anafanya kazi kwenye maabara huko Columbus, anakaa Hilliard. Mwezi wa kwanza akanipigia.

"Mama, nimepata msichana. Anaitwa Darina. Mama yake ni wa Ukraine, baba yake Mrusi."

"Anasali?"

"Anasali, Mama."

"Anapika?"

"Mama, please. Mama yake ana mgahawa wa chakula cha mchana, anauza pelmeni na piroshki. Anaitwa Halina. Ila bado hajakubali. Anasema hajui sisi ni watu gani. Nimemwambia mtaonana Pasaka. Kabla ya Pasaka usije huku."

"Kwa nini nisije?"

"Kwa sababu utasema kitu. Unajua kabisa utasema kitu."

Nikaahidi. Na nilikuwa na nia ya kutimiza, kweli kabisa. Tatizo ni wifi yangu Clémence.

Clémence ni dada wa marehemu mume wangu. Anakaa Tonawanda, karibu na Buffalo, na kwetu shangazi wa mtoto ana sauti nzito kwenye mambo ya ndoa. Alinipigia akitoka kiwandani, bado na vizibo masikioni nadhani, maana alipiga kelele.

"Donc tunaoa macho imefungwa? Nani alichungua ile famille?"

"Wifi, hapa ni Amerika."

"Bon! Na mu Amerika hakuna bavivu? Hakuna bachoyo? Miye niko mbali, utaenda weye. Angalia choo yabo. Sikiliza vile mama anaongea na batumishi. Rudisha chakula, uone kama anakasirika. Mama akiwa na kasirani, na binti ni vile vile!"

Mnaijua desturi. Kabla ya mahari, ukoo unachunguzwa. Tena mimi sikuhitaji kubembelezwa sana, maana najisifu kwa jicho. Nikimwangalia mtu mara moja, nimeshamjua.

Mfano. Mwezi wa pili, akina mama wa kanisa tulikuwa tunauza chakula ukumbini baada ya ibada. Akaingia mwanamke mzungu, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, skafu mpaka puani. Akaanza kuchungulia sufuria. Nani kapika? Nyama imepikwa lini? Mikono mnanawia wapi?

Nikajua papo hapo: huyu ni mkaguzi wa afya wa mji.

"Funikeni!" nikawaambia wenzangu.

Sufuria zikaingia chini ya meza. Nikatangaza kwamba hapa hatuuzi kitu, tunaomba tu, nikafumba macho nikaanza kuomba. Niliomba karibu saa nzima. Nilidhani atachoka aende zake. Alisimama pale pale mpaka mwisho, na "amina" akaitikia.

Basi, kwa kuwa hata mtu wa serikali hatoki kwetu na njaa, nilimfungia sombe, yaani kisamvu, na samaki kwenye chombo cha aiskrimu, na pilipili yangu pembeni. Chombo changu kizuri, kifuniko kinabana, juu nimebandika utepe nimeandika MAMA AGANZE, maana kanisani vyombo vina miguu.

Hakikurudi. Nililalamika wiki nzima. Watu wa serikali hawarudishi vyombo vya watu!

Hilo ndilo jicho langu. Endeleeni kusoma.

Alhamisi hiyo niliomba ruhusa kazini, nikachukua wigi nyekundu ya binti yangu Gentille, miwani myeusi, nikashika barabara. Aganze hakujua. Nilibaki na kizuizi kimoja tu: mama yangu alinifundisha kwamba mkwe hali mbele ya mkwe kabla mahari haijatoka. Njiani nikajitungia sheria. Wigi ikiwa kichwani, mimi si mkwe, ni mteja. Mteja anakula.

Mgahawa ulikuwa umebanwa kati ya duka la matairi na dobi. Madirisha yamejaa mvuke, ndani harufu ya vitunguu na siagi, foleni ya mafundi rangi na wauguzi. Kwenye kaunta alisimama mwanamke wa mikono minene, kitambaa cheupe kichwani, unga mpaka kwenye viwiko; wateja wanamwita Halina.

"Jina?" akauliza. Wanaandika jina, chakula kikiiva wanakuita.

"Milcah," nikasema. Milcah ni Mkenya wa kazini kwangu. Mungu anisamehe, na Milcah pia.

Nikaonyesha kidole kwenye picha ya pelmeni. Ni vitonge vidogo vya unga vyenye nyama ndani, vimekunjwa kama masikio ya mtoto, vinaelea kwenye siagi.

"Hizi sambusa mmezichemsha kwa nini? Mafuta yaliisha?"

Aliinua macho, akaniangalia kwa muda.

"Mafuta yapo. Za kukaanga ni piroshki. Utakula zote mbili."

Halikuwa swali.

Chakula kilipokuwa kinaandaliwa nilikwenda kukagua choo. Kilikuwa kisafi kuliko changu. Nikaudhika. Nikarudi mezani, nikaonja pelmeni moja, na hapo nikaudhika zaidi, maana ilikuwa tamu. Nikakausha uso.

"Haina chumvi."

Akachukua sahani. Akarudi na nyingine iliyojaa zaidi.

"Sasa?"

Nikala huku amesimama juu yangu. Nilipokaribia kumaliza nikasema, "Imepoa."

Akaichukua. Akaleta mlima unaofuka moshi, na bakuli la supu nyekundu ya viazisukari, na piroshki yenye kabichi ndani.

"Sasa?"

Hakukasirika hata kidogo. Kule nyuma mzee mmoja wa kuosha vyombo akavunja bakuli. Nikakaa vizuri nisikie matusi. Halina alikwenda kumwuliza kama amejikata, akamkalisha, akampa chai.

Ndipo nikajikokota kwenda chooni kupiga simu. Joto limenizidi, nikavua wigi.

"Wifi," nikanong'ona, "huyu mama ni mtu mzuri."

"Alikasirika?"

"Hapana."

"Rudisha tena!"

"Nikirudisha tena nitapasuka. Analeta sahani kubwa kuliko ya kwanza!"

"Weye ni muchunguzi wa namna gani?"

Kabla sijamjibu, sauti ikapasua ukumbi kule nje:

"Mama Aganze! Chakula cha Mama Aganze tayari!"

Jamani. Tangu Aganze azaliwe, jina hilo likiitwa, miguu yangu inasimama kabla ya akili.

"Ndiyo! Niko hapa!" nikaitika, nikafungua mlango, nikatoka mbio.

Nilikuwa katikati ya ukumbi akili iliponifikia. Mafundi rangi wananitazama. Wigi ninayo mkononi kama kuku aliyechinjwa.

Halina alisimama kaunta. Mbele yake kilikuwepo chombo cha aiskrimu. Juu yake utepe. MAMA AGANZE.

"Wewe ni mkaguzi?" nikamwuliza. Ndiyo, hilo ndilo lililonitoka.

Akashusha kitambaa chake mpaka kwenye nyusi, akafunika pua kwa kiganja. Yule yule.

"Mimi ni Halina," akasema. "Kaa, kabla hujaanguka."

Kiingereza chake na changu ni ndugu, vyote viwili tulijifunza ukubwani, kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

"Umenijua tangu saa ngapi?"

"Tangu uliposema habari ya mafuta. Wigi inafunika nywele, haifuniki sauti. Hiyo sauti niliisikiliza kanisani kwenu karibu saa nzima, magoti yananiuma."

Nikaona ndoa ya mwanangu inabomoka pale pale, kwa mkono wangu.

"Mwanangu hana kosa," nikasema. "Hajui kama niko hapa. Ukitaka kukataa mtu, nikatae mimi."

Alipangusa unga mikononi.

"Mama mkwe wangu alikuja kwa treni kutoka Urusi," akasema, "akajifanya anatafuta chumba cha kupanga, ili aone kama nafagia chini ya kitanda. Nilimchukia. Na mimi nilikuja kwenu vile vile. Nilitaka kuona binti yangu anaingia nyumba gani."

"Ukaona tunaficha sufuria."

"Niliona. Nikasema, hawa wana mambo, hapana. Nikaingia kwenye gari nimeshakata shauri." Akagonga kifuniko kwa kidole. "Njiani njaa ikanishika, nikafungua hiki. Nilikula kando ya barabara mpaka mwisho, pilipili inanitoa machozi. Ulidhani mimi ni adui yako, ukanipa chakula. Nikajiuliza, akijua mimi ni ndugu, atanipa nini?"

Nikamwomba radhi kwa zile sahani nilizorudisha. Mimi! Wenzangu wa ghala wasingeamini.

"Basi kwa nini hukuwaambia watoto umekubali?"

"Chombo chako kilikuwa kwangu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nilipanga kukirudisha Pasaka, kimejaa. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu. Wewe ndiye umekuja mapema."

Na kwetu ni hivyo hivyo. Chombo kikirudi kimejaa, mlango uko wazi. Nilikibeba kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito, na cha moto.

Sikulia. Nilikuwa nimeshiba mno, machozi hayakupata nafasi.

"Na mimi?" akauliza. "Nimepita mtihani?"

"Choo chako ni kisafi," nikasema. "Lakini zile sambusa zikaangwe."

Alicheka mpaka akashika kaunta. Tukapatana: watoto wasijue. Pasaka tutaonana kama wageni.

Pasaka ikafika, tukakutana kwenye mgahawa wa Halina. Aganze kavaa suti, jasho linamtoka, anatutambulisha. Tukapeana mikono kwa adabu. "Nimefurahi kukufahamu," nikasema. "Hata mimi," akasema Halina, uso mkavu kama mhasibu. Clémence alikuwa ametoka Tonawanda kwa basi. Hakuketi hata, alikwenda moja kwa moja kukagua choo.

Pelmeni zikaletwa. Nikasukuma sahani kwa heshima.

"Mtuwie radhi. Kwetu mkwe hali mbele ya mkwe kabla mahari haijatoka."

Halina akanitazama machoni. "Kweli? Hata kidogo?"

Niliinama. Bega lilinicheza kwa kicheko, nikajifanya nakohoa. Nilidhani nimevuka.

Ndipo Darina, mtoto mzuri, mpole, akaja nyuma yangu na mfuko wa plastiki.

"Mama," akaniambia taratibu, "kuna mteja alisahau wigi yake hapa. Anaitwa Milcah. Aganze anasema labda unamfahamu."

Nikamgeukia Aganze. Alikuwa amefunika uso kwa kitambaa cha meza, mabega yanatetemeka.

Siku ile Darina alikuwa jikoni, nyuma ya mvuke, anakunja pelmeni. Aliona sinema yote.

Funzo nililopata ni hili, na sikulipata darasani: kabla hujaenda kuchungua nyumba ya mtu, kumbuka sufuria ulizozificha chini ya meza yako. Na chombo cha mtu ukikirudisha, kirudishe kimejaa.

Ila zile sambusa, bado nasema, zikaangwe.