Jina Analolijua Mwalimu

Mimi silijui jina la kaka yangu. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu nimechoka kuzungukazunguka. Mama alimpoteza njiani, kwenye msongamano wa watu waliokuwa wakikimbia vita kwenda Tanzania. Maiti haikuonekana, habari haikuja. Nilizaliwa huko baadaye, tukarudi Kigali, tukapanga nyumba mtaa wa Gisozi, na mama hajawahi kulitamka jina lile mbele yangu. Nikiuliza, huinuka kwenda kuangalia chungu jikoni, hata siku ambayo hakuna kinachopikwa.

Ndipo akaja mshairi, mzee kutoka Amerika ya Kusini, mtoto wa wakata miwa. Vitabu vyake hapa hakuna aliyevisoma. Maisha yake yote alifundisha watu wazima kutunga mashairi: wafungwa, wachimba migodi, wanawake wa sokoni. Kwetu alifundisha Jumamosi, katika chumba kilicho juu ya karakana za maseremala, misumeno ikipiga kelele chini yetu, nami nikimtafsiria lugha ilipomshinda. Kiswahili chake alikiokota kwa mafundi hao hao. "Shairi iko kama kiti," alisema. "Mtu akalie, isivunjike." Tulimcheka, na tulimpenda.

Alikuwa na desturi ya kwao. Kabla ya somo, kila mmoja alitaja jina la marehemu wake, nasi sote tukajibu kwa sauti: "Yupo!" Yeye alianza daima na mdogo wake, aliyechukuliwa na askari asionekane tena. Siku ya kwanza nililia kama mtoto. Nikajiambia, mama atalitaja hapa, nami nitalisikia.

Nilimbembeleza mpaka akakubali. Akavaa kitenge chake cha harusini, tukaenda. Zamu yake ilipofika akawa anakunjakunja pindo la kitenge. Mwalimu, maskini, akadhani ni haya. Akamsogelea. "Mama, sema tu. Sisi iko hapa kujibu."

"Ndilo hilo tatizo," mama akasema. "Mtajibu nyinyi. Mimi nangoja ajibu mwenyewe."

Nilitaka kutafsiri, lakini mzee alikuwa ameshaelewa.

"Na huyo mdogo wako, mwalimu, ulimwosha? Ulimzika?" mama akamuuliza.

"Hapana."

"Basi mbona kila wiki unamweka na wafu?"

"Yooo," wakasema kwa huruma wanawake wa nyuma. Jamani, nilitamani ardhi inimeze! Nilimkasirikia mama kwa kumtonesha mzee wa watu, nikamkasirikia mzee kwa desturi yake. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sote mle ndani tulidhani wa mama ungebebeka kwa kupiga kelele za "Yupo!" Mwalimu alikaa chini, akalia bila kujificha. Mama akavuta kiti, akamwinamia, akamnong'oneza neno sikioni. Naye akamnong'oneza lake. Misumeno ilikuwa ikilia, sikusikia kitu.

Tangu siku hiyo hatuiti majina. Mama huja kila Jumamosi, hukaa kando ya mwalimu, haandiki chochote.

Juzi, tukifunga mlango, mwalimu aliniuliza kama nataka aniambie jina alilonong'onezwa na mama. Jina hilo nimelitaka tangu nilipopata akili! Nikamwambia hapana, mama yangu yuko hai, ataniambia mwenyewe.

Nilipofika nyumbani alikuwa jikoni, anaangalia chungu. Sikumuuliza. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, nikangoja.