Hodi ya Tatu

Mwezi uliopita, rafiki yangu, niliingia kwenye makumbusho madogo ya sanaa katika mji mmoja wa milimani huko Japani. Mlangoni nilivua viatu, kama kwetu, nikapewa ndara za kuvaa ndani. Chumba cha mwisho kilikuwa na picha moja tu, ya sebule tupu yenye mlango ulioachwa wazi kidogo. Nilikuwa peke yangu, na kabla sijajijua nikaiambia ile picha, "Hodi." Nikatoka mbio na ndara zao miguuni.

Nilikuwa na miaka minane, tukikaa Uarabuni, kwenye fleti mtaa wa Al Twar, ndege zikishuka kwenda uwanja wa Garhoud mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Mama akienda kazini, nilibaki na bibi. Nyumba ilinukia udi na kahawa ya tangawizi, na kazi yangu ilikuwa kutwanga iliki. Mwaka ule bibi alianza kuwaitikia watu wasiokuwapo. Tumekaa kimya, mara aseme, "Karibu, pita ndani," kisha amtengee mgeni kikombe. Mama alisema ni maradhi ya kusahau, nisiitikie. Mimi niliogopa sana, na habari ya maradhi sikuiamini hata kidogo.

Alasiri moja niliamka usingizini. Mlango wa chumba cha bibi ulikuwa umefungwa, nikajua amelala. Nikasikia sauti yake ikitoka nje, koridoni: "Hodi." Kisha, "Hodi, wenyewe." Nikajibanza nyuma ya mlango, nimeziba mdomo kwa kiganja. Ya tatu ilisemwa taratibu, karibu na tundu la kufuli. Halafu makubadhi yakaondoka. Bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba hodi ni tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka.

Magharibi mlinzi wa jengo, Mganda, alimleta bibi. Alimkuta ameketi penye maegesho, jua limemchoma. Kumbe alitoka nilipokuwa nimelala.

"Madam, huyu mama anasema hapa si kwake," alimwambia mama.

"Nimepiga hodi tatu," bibi akaeleza kwa upole. "Wenyewe hawapo."

Tokea siku hiyo akawa mgeni kwetu. Alikaa karibu na mlango na buibui lake, akiomba ruhusa hata ya kunywa maji, akiuliza atarudishwa kwao lini. Alifariki kabla ya Ramadhani. Jengo limeshavunjwa, na siku hizi mtu akifika mlangoni kwako hutuma ujumbe tu. Nyumbani wote wanaamini ni maradhi yaliyomfukuza bibi kwake. Sijawahi kuwaambia kuwa nilimsikia.